UZI: Mtoto mdogo na rangi zake za kwanza. Mimi fundi mabango wa Ngarenaro, naomba tuongee

Fundi wa Ngarenaro

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kuandika mabango hapa Arusha: vibao vya saluni, milango ya maduka, Hiace za abiria, kuta za gereji. Mwaka wa kumi na nne huu nashika brashi. Nina kijana wa miaka miwili na miezi mitatu, na kilichonileta hapa ni kosa nililomfanyia mwaka jana, ambalo naona wazazi wengi wenye nia njema kama yangu wanalifanya.

Alipofikisha miezi kumi na sita aliokota kipande cha mkaa karibu na jiko akakiburuza sakafuni. Mstari ukatokea. Akasimama, akautazama mstari, akautazama mkono wake, akaburuza tena. Moyo ulinijaa. Jioni ile ile nikanunua penseli na daftari, nikampakata, nikaushika mkono wake ndani ya wangu, tukachora ng'ombe. Akatoka ng'ombe mzuri mwenye pembe na mkia. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu nampa penseli, ananirudishia: "Baba." Maana yake nichore mimi. Kwa karibu miezi miwili hakugusa tena kitu kinachochora. Alikuwa amegundua jambo lake mwenyewe, nikamwonyesha kwamba mbele ya ng'ombe wangu jambo lake halina thamani.

Tangu hapo nimesoma, nimeuliza wanaojua, na zaidi nimekaa naye chini sakafuni nikimtazama. Naandika nilichokiona.

Mtoto wa mwaka na nusu hachori kitu, anachora mwendo. Bega linafanya kazi, kiwiko kinafuata, vidole bado zamu yao haijafika. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu. Inageuka mfupa mmoja mmoja, kwa miaka. Ndiyo sababu anashika kalamu kwa ngumi kama mtu anayesonga ugali. Msimrekebishe. Kati ya miaka miwili na mitatu utaona vidole vimeanza kuelekea chini kwenye karatasi huku mkono mzima ukiwa bado unasukuma. Kushika kwa vidole vitatu kama sisi huja karibu na mwaka wa nne, na wengine hata baada ya hapo.

Kuna mama wa Marekani, Rhoda Kellogg, aliyefanya kazi na watoto wa chekechea huko San Francisco akakusanya michoro yao kwa mamia ya maelfu. Aliona mikwaruzo ya watoto wadogo inajirudia katika namna 20: nukta, mstari wa wima, wa kulala, wa mshazari, zigizaga, kitanzi, vitanzi vilivyofuatana, duara lisilofunga, na nyinginezo. Niliposoma hayo nilitoa karatasi za kijana wangu nikazitandaza kitandani. Mistari ya wima imo. Ya kulala imo. Vitanzi vimejaa. Nikakumbuka siku yangu ya kwanza ya ufundi: bwana mkubwa aliyenifundisha alinipa magazeti makuukuu na brashi moja, akaniamuru nijaze mistari ya wima. Wiki nzima. Wiki ya pili mlalo, ya tatu mshazari, kisha mviringo. Herufi zote ninazouza mjini zimetoka humo. Mtoto anajipa zoezi hilo hilo peke yake, hakutumwa na mtu, na sisi tunamwambia anachafua karatasi.

Fundi wa Ngarenaro

Naendelea. Vifaa.

Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ni eneo langu. Rangi ya mafuta, ile ya mageti, ya mabati na ya mabango, isimkaribie mtoto mdogo. Wala thina yake, wala kopo lake tupu. Nasema hivi kwa kuwa nimewahi kuulizwa na mteja kama namwachia kidogo kwenye kifuniko mwanawe achezee. Rangi za mafuta za namna hii zimekuwa zikitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zing'ae, na njano na nyekundu kali ndizo za kuogopwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo, na mtoto wa umri huu kila anachoshika kinaishia mdomoni. Mimi nikitoka kazini navua ovaroli nje, naosha mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo nambeba.

Wapo wanaoniambia mbona Tingatinga alitumia rangi za baiskeli. Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi kule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968 hivi mpaka alipofariki 1972, na picha za waliomfuata ndizo zinazoning'inia kwenye maduka ya watalii hapa mjini. Lakini alikuwa mtu mzima.

Makapeni yenye harufu kali nayo hapana. Kama pua yako inauma, ya kwake inauma zaidi.

Sasa kinachofaa. Kreyoni za nta zilizo nene ndizo chaguo langu la kwanza, kwa sababu kreyoni nyembamba mtoto akiikandamiza inakatika na vipande vinaenda mdomoni. Ukinunua angalia boksi lina maandishi EN 71 (kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea) au alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na soma umri ulioandikwa. Rangi tatu au nne zinatosha kabisa kuanzia. Nilimpa boksi la rangi 24, akamaliza muda wote akizitoa na kuzirudisha. Nikampa nyekundu, buluu na nyeusi, akachora.

Vipande vilivyokatika usivitupe. Menya karatasi yake, viyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mimina kwenye vibati vya kwini keki, acha vigande. Unapata kreyoni ya duara nene kama andazi, haiingii mdomoni na inajaa vizuri kwenye ngumi. Kuyeyusha ni kazi ya mtu mzima, mtoto akiwa chumba kingine.

Karatasi iwe kubwa. Manila moja, au kalenda ya mwaka uliopita ukageuza upande mweupe, au mabaki ya kwenye mashine za kukatia karatasi za wachapaji. Mimi huomba na hawajawahi kuninyima. Ibane kwa selotepu sakafuni pembe zote nne. Karatasi ikiteleza, mtoto anapambana na karatasi na kuchora anasahau.

Mama wa Rau

Asante kaka fundi, umenigusa. Wangu ana miezi kumi na saba, niko Moshi huku Rau. Kila kalamu anaitafuna. Nimejaribu mara tatu, mara ya mwisho nilimtoa kipande kooni kwa kidole nikitetemeka. Nimeogopa, nimeficha kila kitu. Nifanyeje?

Fundi wa Ngarenaro

Pole sana dada. Umefanya vyema kuficha, na usione kama umemnyima. Mpe maji.

Namaanisha hivyo hivyo: kopo lenye maji kidogo, na brashi pana ya kupakia chokaa iliyo mpya, ile ya inchi mbili. Mtoe nje kwenye sakafu ya saruji au ukuta wenye jua. Akipaka, saruji inakuwa nyeusi na mstari wake anauona. Jua linakausha, anaanza tena. Hana cha kutafuna zaidi ya maji. Kaa naye tu, kwa sababu maji na mtoto mdogo havitaki mgongo wako, hata yakiwa kidogo kwenye ndoo.

Ukitaka rangi halisi, chemsha nusu kikombe cha kornifulawa au unga wa muhogo kwa vikombe viwili vya maji, koroga mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa, uache upoe kabisa, ndipo utie rangi. Maji ya bitiruti yanatoa waridi, manjano ya jikoni yanatoa njano inayowaka. Mvue nguo kwanza, manjano hayatoki kwenye kitambaa. Akiramba, amelamba uji. Usiache hadi kesho, unachacha.

Mwalimu wa Kijenge

Habari wadau. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto, wako kumi na mmoja, wa miaka miwili hadi minne. Kununua kreyoni nene kila muhula siwezi. Ninachofanya: nachukua udongo, mwekundu na mweusi, nauchekecha kwa chekecheo la unga, naukaanga kwenye sufuria kuukuu kama karanga ili kuua vijidudu, kisha nauchanganya na ule uji wa muhogo. Napata rangi mbili. Nikiongeza majivu kidogo napata ya kijivu. Wanapaka kwa viganja. Karatasi natumia mifuko ya saruji.

Fundi wa Ngarenaro

Mwalimu, kazi yako naivulia kofia. Udongo mwekundu, ngeu yenyewe, ndiyo rangi ya zamani kuliko zote. Nilipokuwa naenda Dodoma kwa njia ya Babati nilishuka Kolo kuona michoro ya mapangoni ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Miambani pale wekundu ule bado unasomeka. Nilisimama mbele yake kama fundi nikijiuliza rangi yangu ya dukani itakaa miaka mingapi juani.

Mawili tu naomba uyabadilishe. Mfuko wa saruji una vumbi linalounguza ngozi, na likiingia jichoni ni hatari. Tabaka la ndani lililogusa saruji litupe kabisa. Na kama una njia ya kupata karatasi nyingine, acha hata yale ya katikati. Njoo nikuonyeshe kwa wachapaji, si mbali na kwako. La pili ni majivu. Yakilowa yanachoma ngozi laini. Kijivu utakipata kwa mkaa uliosagwa, ila usage mwenyewe nje wao wakiwa mbali, na uutie kwenye uji ukiwa umelowa ili wasivute vumbi.

Mwalimu wa Kijenge

Nimekupata. Majivu nayaacha leo.

Mzee wa Sakina

Naheshimu mawazo yenu, ila naomba niulize. Mtoto wa miaka miwili achore mikwaruzo ili iweje? Darasa la kwanza wanataka kusoma, kuandika na kuhesabu. Mjukuu wa jirani ana miaka mitatu anaandika a e i o u. Si bora muda huo uende huko?

Fundi wa Ngarenaro

Shikamoo mzee. Swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi, na ni halali.

Nikujibu kwa kazi yangu. Tazama hizo a e i o u. "i" ni mstari wa wima na nukta. "o" ni duara lililofunga. "a" ni duara na mstari. "e" na "u" ni mkunjo unaosimama mahali fulani. Sasa mkono wa mtoto unavipata hivi kwa mpangilio wake: karibu na miaka miwili anaweza kuiga mstari wa wima ukimwonyesha, karibu na mitatu anaiga duara, karibu na minne msalaba, pembe za mraba baadaye zaidi. Umri unapishana mtoto na mtoto, lakini duara halitangulii mstari. Kulifunga duara ni kazi nzito, mzee: inabidi mkono ukumbuke ulikoanzia na ujizuie kupitiliza. Ukimlazimisha kuandika "o" kabla ya hapo, ataiandika kwa kukariri, kidole kimekakamaa, na utaona anabonyeza mpaka karatasi inatoboka. Nimepokea vijana wa kujifunza mabango wenye miaka ishirini ambao mkono wao umekakamaa namna hiyo, na kuulegeza kunachukua miezi.

Kwa hiyo muda huo haupotei. Mikwaruzo ndiyo kuandika kwenyewe, ukurasa wa kwanza.

Mzee wa Sakina

Marahaba. Hapo kwenye "o" umenifikirisha.

Mama Wawili

Mimi nina dukuduku. Kituo anachokwenda wangu (sitakitaja), kila Ijumaa analetewa nyumbani karatasi ya fotokopi: tembo, nyumba, gari, yote yamepakwa rangi bila kutoka nje ya mstari. Ana miaka miwili na nusu! Nikimuuliza umepaka wewe, ananyamaza. Nimeanza kuumia.

Mwalimu wa Kijenge

Dada, niongee kwa uwazi kwa kuwa na mimi niliwahi kufanya hivyo. Mzazi akija kuchukua mtoto akakuta karatasi ya vitanzi anauliza, "Leo mmefanya nini?" Akikuta tembo anashukuru. Ada zinatoka kwa mzazi. Walimu tunamaliza tembo sisi saa saba watoto wakiwa wamelala. Niliacha siku niliyoona kabinti kamoja kananiletea tembo na kreyoni, kanakaa pembeni kusubiri nikapakie. Kama kijana wa fundi hapo juu.

Sasa siku za kuchukua watoto nambandikia mzazi karatasi ya mwanawe mlangoni, na chini naandika alichofanya: "Amezungusha mkono kwa dakika kumi. Amebadilisha mkono mara mbili. Amegundua kidole kinafuta chaki." Wazazi wanasoma mpaka mwisho.

Fundi wa Ngarenaro

Mwalimu, hili ulilosema lingetosha kuwa uzi peke yake.

Naongeza la maneno. Mtoto akikuletea karatasi, swali linalotutoka haraka ni "Hii nini?" Mwanangu alikuwa ananitazama tu. Hakikuwa kitu, kilikuwa mwendo wa mkono wake. Akizidi kuulizwa atajifunza kusema "gari" ili uridhike. Siku hizi nasema ninachokiona: "Huu umefika mpaka ukingoni." "Hapa umegonga gonga, nukta zimejaa." Au nanyamaza nikatazama kwa muda mrefu, na hilo analipenda kuliko yote. Majina yatakuja yenyewe. Kwenye miaka mitatu hivi wengi huanza kutaja walichochora baada ya kukichora, na kesho yake jina linabadilika. Kisha anakuja yule mtu maarufu, kichwa kikubwa chenye miguu inayotoka kidevuni, hana tumbo, kama kiluwiluwi. Akija, usimwongezee tumbo.

Bibi wa Usa River

Wajukuu hamjambo. Wangu wa miaka miwili na nusu anatumia mkono wa kushoto. Nimekuwa nikimhamishia kalamu kulia kwa upole. Sisi tulilelewa hivyo, kushoto si mkono wa kumpa mtu kitu. Mama yake hapendi, amekaa kimya. Nisemeje?

Fundi wa Ngarenaro

Shikamoo bibi. Kumpa mtu kitu kwa kulia ni adabu yetu, mfundishe, nami namfundisha wangu. Kalamu naomba uiweke mbali na adabu hiyo. Katika umri huu wengi bado wanabadilisha mikono. Wengine wanatulia kwenye mkono mmoja baada ya miaka mitatu au minne. Iweke kreyoni katikati ya karatasi, mbele ya kifua chake, ukae upande wa pili. Aokote kwa mkono autakao. Kama ni kushoto, ndivyo ubongo wake ulivyopangwa, na kumhamisha kunamfanya aanze upya na mkono usio wake. Fundi mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa wa kushoto, na katika mji huu sikuona aliyemzidi kwa mstari mrefu ulionyooka.

Bibi wa Usa River

Marahaba baba. Nitamwacha, nimwambie na mama yake kwamba nimemwacha.

Mpangaji Pasua

Nyumba ya kupanga, ukuta mweupe, mwenye nyumba mkali. Tafadhali.

Fundi wa Ngarenaro

Mpe ukuta wake. Kipande cha hadibodi cha futi mbili kwa tatu, kifunge mlangoni au kwenye nondo za dirisha kwa kamba, usawa wa kifua chake, juu yake bana karatasi. Kuchora akiwa amesimama kunamfaa kuliko mezani: bega linafunguka, kifundo cha mkono kinainuka kinavyotakiwa. Kila akienda kwenye ukuta wa mwenye nyumba, mshike mkono umpeleke kwenye wake, kwa maneno yale yale kila siku: "Tunachora hapa." Kwangu ilichukua kama wiki tatu. Na kreyoni zisikae chini ovyo. Zikae juu, uzitoe wewe, muwe wote, dakika tano au kumi, akichoka zirudi. Kreyoni ikishafika ukutani, kitambaa chenye maji vuguvugu na magadi ya kupikia, sugua taratibu, jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana.

Mama wa Rau

Kaka fundi, nimerudi. Leo asubuhi Kibo ilikuwa wazi, jua zuri, nikamtoa uani na brashi na kopo kama ulivyosema. Amepaka ukuta wa choo cha nje chini mpaka alipofikia mkono. Upande wa kulia ukawa unakauka, akakimbia kuuwahi, kushoto nako kukakauka. Hajaweka brashi mdomoni hata mara moja. Hapa ninapoandika ananiletea kopo, limeisha. Hili ni la nne.